Mada ya 8: Kutatua Matatizo ya Muunganisho katika Programu ya Barua Pepe

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza njia ambayo barua pepe hupita kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye seva;
(b) kutofautisha tatizo la kupokea na tatizo la kutuma;
(c) kufuata hatua za kutafuta chanzo cha tatizo kwa mpangilio;
(d) kutaja mambo ya kuepuka ili barua zisipotee.

Utangulizi

Programu ya barua pepe ya kompyuta ya mezani ni programu inayosakinishwa ndani ya kompyuta ili kupokea, kuandika, kutuma na kuhifadhi barua pepe. Mifano yake ni Outlook ya Microsoft na Thunderbird ya Mozilla. Ofisi nyingi huipenda kwa sababu barua zilizokwisha kupokelewa husomeka hata intaneti ikikatika, na mtumiaji mmoja huweza kuona akaunti kadhaa mahali pamoja.

Programu hii ikigoma kuunganishwa, watahiniwa wengi hujibu: "Angalia intaneti," au "Zima kompyuta kisha uwashe." Majibu hayo si makosa, lakini hayatoshi. Mtahini anataka kuona mpangilio: unaanza wapi, unapima nini, na kila kipimo kinakuambia nini. Huo ndio moyo wa mada hii: usibadilishe kitu kabla hujajua barua imekwama kituo gani.

8.1 Safari ya barua pepe

Fikiria gunia la korosho la mkulima wa Ruangwa. Linatoka shambani, linafika ghala la chama cha msingi, linapelekwa ghala kuu, linauzwa mnadani, kisha linasafirishwa hadi Bandari ya Mtwara. Likichelewa, huendi kugombana na nahodha wa meli. Unauliza kituo kimoja kimoja: limetoka shambani? Limepokelewa ghalani?

Barua pepe nayo ina vituo vyake:

1. programu ya barua pepe ndani ya kompyuta;
2. kompyuta yenyewe (saa, kadi ya mtandao, programu ya kuzuia virusi);
3. ruta, modemu au simu iliyowashwa hotspoti;
4. mtoa huduma wa intaneti, kupitia mnara au waya, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano;
5. mfumo wa majina ya kikoa, yaani DNS, unaogeuza jina la seva kuwa namba;
6. seva ya barua pepe, ambayo inaweza kuwa ndani ya nchi au ng'ambo.

Programu huzungumza na seva kwa itifaki. Itifaki ni kanuni za mazungumzo kati ya vifaa viwili. Zikariri itifaki tatu zifuatazo pamoja na namba za poti zake:

- IMAP – hupokea barua na kuziacha kwenye seva. Poti 993 (yenye ulinzi tangu mwanzo) au 143.
- POP3 – hupokea barua kwa kuzishusha kwenye kompyuta, na mara nyingi huzifuta kwenye seva isipokuwa umeiagiza iache nakala. Poti 995 (yenye ulinzi tangu mwanzo) au 110.
- SMTP – hutuma barua. Poti 465 (yenye ulinzi tangu mwanzo) au 587 (huanza wazi, kisha ulinzi huwekwa kabla ya nenosiri kupita). Poti 25 hutumika hasa kati ya seva na seva, na watoa huduma wengi huifunga kwa wateja wa kawaida ili kuzuia barua taka.

*Zingatia:* Kupokea na kutuma ni kazi mbili tofauti, kwa itifaki tofauti, na mara nyingi kwa seva mbili tofauti. Ndiyo maana ofisi inaweza kupokea barua vizuri huku barua zake zikilala kwenye kikasha toezi, yaani mahali pa barua zinazosubiri kutoka.

8.2 Hatua saba za kutafuta chanzo

Hatua hizi zinatoka karibu kwenda mbali. Usiruke hatua, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matano kwa pamoja na tatizo likaisha, hutajua lipi lilikuwa chanzo. Lisipoisha, utakuwa umeongeza matatizo mengine manne.

Hatua ya 1: Soma ujumbe wa kosa na uuandike. Usiufunge kwa haraka. "Seva haikupatikana", "muda umekwisha", "nenosiri limekataliwa" na "cheti cha usalama si halali" ni taarifa nne tofauti, na kila moja inaelekeza kituo chake.

Hatua ya 2: Pima ukubwa wa tatizo. Jiulize maswali matatu. Je, ni kompyuta hii tu au zote ofisini? Je, ni akaunti hii tu au zote? Je, ni kupokea, kutuma, au vyote viwili? Kompyuta zote zikigoma, chanzo hakiko ndani ya programu ya kompyuta moja.

Hatua ya 3: Kagua vitu vinavyoonekana kwa macho. Ruta ina umeme? Taa zake zinawaka kama kawaida? Waya wa mtandao umekaza? Bando limekwisha? Je, programu imewekwa katika hali ya kufanya kazi nje ya mtandao? Hali hiyo huwashwa kwa kubonyeza mara moja tu, na mtu huweza kuibonyeza bila kujua.

Hatua ya 4: Pima intaneti na DNS. Fungua tovuti mbili tofauti kwa kivinjari. Kisha fungua dirisha la amri na utumie amri ya ping mara mbili: kwanza kwa namba, mfano 8.8.8.8, halafu kwa jina la tovuti. Namba ikijibu lakini jina likashindwa kugeuzwa kuwa namba, intaneti ipo ila DNS ina hitilafu. Vyote vikigoma, shughulikia intaneti kwanza na uache programu ya barua pepe kama ilivyo.

Hatua ya 5: Kagua tarehe na saa ya kompyuta. Hatua hii husahaulika sana. Seva hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni mwaka 2009, itaona cheti kilichotolewa mwaka huu hakijaanza kutumika, nayo itakikataa.

Hatua ya 6: Kagua jina la mtumiaji na nenosiri. Ingia kwenye akaunti hiyo hiyo kwa kivinjari. Ukikubaliwa, nenosiri ni sahihi na akaunti ni hai. Tatizo liko kwenye programu au jinsi inavyoingia. Ukikataliwa, tatizo ni nenosiri au akaunti.

*Zingatia:* Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa jina la mtumiaji na nenosiri la kawaida pekee. Programu kuukuu ziliendelea kuuliza nenosiri tena na tena, ingawa nenosiri lilikuwa sahihi. Tiba ni kutumia toleo jipya linalofungua dirisha la Google la kuingia. Kwa akaunti yenye uthibitishaji wa hatua mbili, unaweza pia kutengeneza nenosiri maalumu la programu, lenye herufi 16.

Hatua ya 7: Kagua mipangilio ya seva, ulinzi na ujazo. Linganisha jina la seva, namba ya poti na aina ya ulinzi na maelekezo ya mtoa huduma, herufi kwa herufi. Nukta moja ikikosekana, seva haipatikani. Poti na ulinzi lazima vilingane: poti 993 yenye mpangilio wa "bila ulinzi" haitaunganishwa. Angalia kama programu ya kuzuia virusi inazuia muunganisho. Mwisho, angalia kama kasha limejaa kwenye seva, au kiambatisho kimezidi ukubwa unaoruhusiwa.

8.3 Mfano uliofanyiwa kazi: ofisi ya ushirika, Ruangwa

Chukulia kwamba uko katika ofisi ya chama cha msingi cha ushirika wilayani Ruangwa, msimu wa korosho. Mnada umefanyika. Karani lazima atume kwa barua pepe orodha ya wakulima, kilo zao na namba zao za akaunti ili malipo yaandaliwe. Umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi programu haipokei wala haitumi barua, na nje ya mlango wakulima wameshakaa kwenye benchi. Karani anakuita: "Mwanangu, wewe unasoma kompyuta, hebu njoo uitazame hii."

*Hatua ya 1.* Unasoma ujumbe: "Cheti cha usalama cha seva si halali." Ujumbe hausemi kwamba seva haikupatikana. Maana yake seva imepatikana, lakini kompyuta haiiamini.

*Hatua ya 2.* Kompyuta ya pili ofisini, yenye akaunti ileile, inapokea vizuri. Basi tatizo ni la kompyuta moja.

*Hatua ya 3.* Taa za ruta zinawaka, waya umekaza, bando lipo, na programu haiko nje ya mtandao.

*Hatua ya 4.* Ping inajibu kwa namba na kwa jina. Hata hivyo kivinjari cha kompyuta hiyo kinaonya kwamba tovuti si salama. Intaneti ni nzima, ila kuna kitu ndani ya kompyuta kinachokataa vyeti.

*Hatua ya 5.* Unatazama pembeni mwa kioo: tarehe 1 Januari, mwaka uliopita zamani. Chanzo kimepatikana. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, kwa kawaida ya aina ya CR2032 yenye volti 3, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikifa na umeme ukikatika, saa hurudi nyuma. Unarekebisha tarehe, saa na ukanda wa saa wa Afrika Mashariki (saa 3 mbele ya saa ya dunia), unafunga programu na kuifungua tena. Barua zinaingia.

Usishangilie mapema. Orodha ya malipo bado imelala kwenye kikasha toezi. Kupokea kumepona, kutuma hakujapona. Tatizo la pili lilikuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza, kwa hiyo unarudi hatua ya 1.

Ujumbe mpya unasema barua imezidi ukubwa. Kiambatisho ni kurasa zilizopigwa picha kwa skana, jumla MB 21, na seva inaruhusu barua isiyozidi MB 25. Mbona 21 ni ndogo kuliko 25? Kwa sababu kiambatisho hakisafiri kama kilivyo. Hubadilishwa kuwa herufi za kawaida, ambapo kila baiti 3 huwa herufi 4. Hivyo:

MB 21 × 4 ÷ 3 = MB 28

Barua yenye MB 28 inakataliwa. Tiba ni kugawa orodha katika barua mbili, au kupiga skana upya kwa ubora wa chini kidogo, mradi namba zisomeke. Karani anagawa, barua zinatoka, naye anahakikisha zimehamia kwenye folda ya zilizotumwa.

*Funzo:* Kama ungeanza kwa kubadilisha nenosiri au kufuta akaunti, ungekuwa umeharibu vitu vizima, na betri iliyokufa ingebaki palepale. Pia waambie ofisi wanunue betri mpya, la sivyo umeme ukikatika tena mtarudi mlikotoka.

8.4 Tatizo linapokuwa mbali na uwezo wako

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota nchini Tanzania na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini. Chanzo kilikuwa hitilafu katika nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mtu wa Nachingwea aliyefungua programu yake siku hiyo aliweza kuona ujumbe wa "muda umekwisha". Kompyuta yake, nenosiri lake na ruta yake havikuwa na kosa lolote.

Utatambuaje hali ya namna hiyo? Tumia vipimo vitatu:

- Kompyuta na simu zote zinasumbua, hata za mtandao mwingine wa simu.
- Tovuti zenye seva ndani ya nchi zinafunguka vizuri zaidi kuliko zenye seva ng'ambo.
- Jana mipangilio ileile ilifanya kazi, na hakuna aliyeigusa.

Vikilingana vyote, kazi yako ni kuacha mipangilio kama ilivyo, kuziacha barua kwenye kikasha toezi, kusubiri, na kama jambo ni la haraka, kutumia njia nyingine kama simu au kupeleka nakala kwa mkono. Kutambua kwamba huna la kurekebisha nako ni jibu sahihi la kitaalamu.

8.5 Mambo ya kuepuka

Nilipoanza kufundisha, ofisi moja hapa Nachingwea iliniita nitazame programu iliyogoma kupokea barua. Sikusoma ujumbe wa kosa. Nilifuta akaunti ili niisajili upya, na programu iliponiuliza kama nifute na barua zake, niliweka alama ya ndiyo. Akaunti ile ilikuwa ya POP3. Seva haikuwa na nakala hata moja. Barua zote za miaka mitatu zilikuwa ndani ya kompyuta ile tu. Baadaye nikagundua kwamba kasha la kwenye seva lilikuwa limejaa, jambo la dakika tano. Nilimwomba radhi mzee wa masijala, naye akaniambia, "Mwalimu, haraka haraka haina baraka." Barua hazikurudi.

Kwa hiyo epuka haya:

1. Kufuta akaunti kabla ya kujua ni IMAP au POP3, na kabla ya kuweka nakala ya barua kwenye diski nyingine.
2. Kuzima ulinzi "ili ikubali tu". Nenosiri litapita wazi mtandaoni.
3. Kukubali cheti chenye onyo bila kukagua tarehe na jina la seva.
4. Kuzima programu ya kuzuia virusi moja kwa moja. Ukiizima kwa kipimo, iwashe mara baada ya kupima.
5. Kumpa mtu nenosiri kwa simu kwa sababu amesema ni fundi wa mtandao.

8.6 Muhtasari wa ujumbe wa kosa

- *Seva haikupatikana:* jina la seva limekosewa, DNS ina hitilafu, au hakuna intaneti.
- *Muda umekwisha:* mtandao ni dhaifu, poti imefungwa, au seva haijibu.
- *Nenosiri limekataliwa (535):* nenosiri limekosewa, au programu inaingia kwa njia isiyoruhusiwa tena.
- *Cheti si halali:* tarehe ya kompyuta imekosewa, cheti kimekwisha muda, au jina la seva halilingani.
- *Kasha la mpokeaji halipatikani (550):* mara nyingi anwani ya mpokeaji imekosewa.
- *Barua imezidi ukubwa (552):* punguza au gawa viambatisho, au kasha la mpokeaji limejaa.

*Kumbuka:* namba ya SMTP inayoanza na 4 ni kikwazo cha muda, jaribu tena baadaye. Inayoanza na 5 ni kukataliwa, rekebisha kwanza ndipo utume tena.

Maswali ya marudio

1. Taja itifaki mbili za kupokea barua pepe na moja ya kutuma.
2. Amri ya ping inajibu kwa namba 8.8.8.8 lakini jina la tovuti linashindwa kupatikana. Tatizo liko wapi?
3. Kiambatisho kina MB 18. Kokotoa ukubwa wake wa makadirio kinaposafiri kwa barua pepe.
4. Kwa nini ni hatari zaidi kufuta akaunti ya POP3 kuliko ya IMAP?
5. Ofisi ya shule Nachingwea inapokea barua pepe lakini haiwezi kutuma. Eleza hatua nne za kutafuta chanzo.

Majibu

1. Kupokea: IMAP na POP3. Kutuma: SMTP.

2. Tatizo liko kwenye DNS. Intaneti ipo, kwa kuwa namba imejibu.

3. MB 18 × 4 ÷ 3 = MB 24.

4. POP3 hushusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi huzifuta kwenye seva, hivyo nakala pekee huweza kuwa ndani ya kompyuta. IMAP huziacha kwenye seva, hivyo zinaweza kupakuliwa tena.

5. (i) Soma na uandike ujumbe wa kosa pamoja na namba yake. Kwa kuwa barua zinaingia, intaneti ipo. Elekeza uchunguzi kwenye SMTP.
(ii) Tuma barua fupi isiyo na kiambatisho. Ikitoka, tatizo ni ukubwa wa kiambatisho au anwani ya mpokeaji.
(iii) Ikigoma, linganisha jina la seva ya SMTP, poti (465 au 587) na aina ya ulinzi na maelekezo ya mtoa huduma. Kama imewekwa poti 25, ibadilishe.
(iv) Hakikisha seva ya kutuma nayo imepewa jina la mtumiaji na nenosiri, kisha angalia kama programu ya kuzuia virusi inaizuia.

*Ushauri kwa mtahiniwa:* katika swali la 5, anayeandika "angalia kama kuna intaneti" anaonyesha kwamba hakusoma swali. Swali limesema barua zinaingia. Soma swali kama unavyosoma ujumbe wa kosa: neno kwa neno, kabla ya kugusa chochote.